Samaki wamekufa ndani ya siku tano: kosa ni la duka au la tangi langu?

"Ninaishi Mukono na nina watoto wawili ambao wamekuwa wakiniomba samaki wa mapambo tangu mwaka jana. Jumamosi moja nilikwenda katikati ya Kampala nikanunua tangi la kioo la lita 60, filta ndogo ya sifongo, samaki wa dhahabu watatu, gapi wanne, na mmoja ambaye muuzaji alimwita papa. Tulirudi kwa teksi, tukakwama kwenye jamu kwa muda wa karibu saa mbili, na jioni ile ile nikawatia tangini kwa maji ya bomba. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yaliyotiwa maziwa na samaki wakawa wanahemea juu. Nikamwaga maji yote, nikaosha tangi, kokoto na filta kwa maji ya bomba, nikajaza upya. Kufikia siku ya tano watano wamekufa. Wamebaki gapi wawili na papa. Muuzaji anasema kosa ni la maji yangu. Rafiki yangu anasema duka lile linauza wagonjwa, kwa sababu siku ile tuliona samaki aliyekufa katika tangi lao moja, naye ananishauri niende duka jingine lenye matangi yanayong'aa ambako bei ni karibu mara mbili. Nitalijuaje duka zuri? Na je, huyu papa nikimwachilia ziwani si atapona?"

Pole sana, mama, na watoto nao uwape pole. Barua yako ina mambo mawili yaliyofungamana, yaani ni nani aliyewaua samaki hawa na utalijuaje duka la kuaminika, na ningependa tuanze na la kwanza, kwa sababu mtu asiyejua samaki wake wamekufa kwa nini atalilaumu duka zuri leo na kulisifu baya kesho.

Kwa dalili ulizozieleza, sidhani kwamba samaki wako waliuawa na ugonjwa walioutoa dukani. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, mfululizo, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoishi juu ya sifongo, kokoto na kioo, ambao kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu vilevile, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa. Bakteria hawa hawaji pamoja na tangi kutoka dukani. Huzaliana polepole, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi inayotosha. Wewe ulitia samaki wanane katika tangi lililokuwa na umri wa saa chache, na weupe ule wa maziwa ulikuwa bakteria wa aina nyingine, wale wanaokula uozo na kuongezeka kwa ghafla ndani ya maji yenyewe. Kuhemea juu ni dalili ya samaki ambaye matamvua yake yameunguzwa, au ambaye maji yake yamepungukiwa na oksijeni, na mara nyingi ni yote mawili.

Ulipoosha kila kitu kwa maji ya bomba ulifanya kitu ambacho karibu kila mwanzilishi hukifanya kwa nia njema. Maji yetu ya bomba huko Kampala na Mukono hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini ili tusiugue, na klorini hiyo hiyo inayoua vijidudu vya tumbo huua pia bakteria wachache waliokuwa wameanza kujijenga kwenye sifongo, tena huyaunguza matamvua ya samaki ambayo tayari yalikuwa na majeraha. Kwa hiyo muuzaji amesema kweli, ila ni nusu ya kweli.

Nusu nyingine inamhusu yeye. Alikuona unanunua tangi na samaki kwa mkupuo mmoja, akapokea fedha na kunyamaza. Alikuuzia samaki wa dhahabu watatu kwa lita 60, ilhali samaki wa dhahabu wa kawaida akitunzwa vema hupita sentimita 20, hula sana na huchafua maji sana, na kwa asili hupenda maji ya baridi zaidi kuliko gapi. Na huyo anayeitwa papa si papa hata kidogo. Kwa jina alilopewa na kwa jinsi biashara hii ilivyo, inaelekea sana ni jamii ya kambare wa mto Mekong, Pangasianodon hypophthalmus, ambaye Vietnam hufugwa kwa wingi kwa ajili ya kuliwa na ambaye akikomaa hupita mita 1. Dukani huwa na urefu wa kidole, anang'aa kama fedha, naye kila mtoto humtaka. Muuzaji anayejua kazi yake hawezi kutojua hilo, na mimi kosa hili ndilo ninalolihesabu kuwa zito kuliko yule samaki mfu mliyemwona.

Kuhusu samaki mfu huyo, rafiki yako ana haki ya kushtuka, lakini hukumu yake ni ya haraka. Duka lenye mamia ya samaki, wengi wao wakiwa wamesafiri kwa ndege kutoka Singapore au Thailand na kukaa mifukoni kwa siku nzima au zaidi, litapata vifo hata likiwa na uangalizi wa hali ya juu. La kuuliza ni kwamba amekaa humo kwa muda gani. Samaki aliyekufa alfajiri bado ana rangi, macho yake yapo, na muuzaji akimwona humtoa bila kuambiwa. Samaki aliyelala siku nzima ana macho yaliyodonolewa, mwili uliopauka na utando mweupe kama pamba, na wenzake wanamla. Kama samaki alikufa kwa ugonjwa, kumla ni njia mojawapo ya uhakika ya kuusambaza tangi zima. Hesabu pia. Mfu mmoja katika tangi lenye samaki hamsini wachangamfu ni jambo la kawaida, ila wafu watatu katika matangi matatu ya jirani huonyesha kwamba kuna kitu kinachotembea kutoka tangi hadi tangi.

Kioo kinachong'aa nacho hakithibitishi chochote zaidi ya kwamba kuna mtu mwenye kitambaa. Nimeingia katika maduka yenye taa za buluu na vioo safi kama vya sonara, lakini ukiinama ukatazama chini ya kabati unakuta matangi yote yameunganishwa na bomba moja na chujio moja. Mpangilio huo si mbaya kwa wenyewe, kwani maji mengi huwa tulivu zaidi kuliko maji machache, lakini maana yake ni kwamba ugonjwa ulio katika tangi la kwanza umo pia katika la ishirini, hivyo huwezi kujifariji kwamba unanunua kutoka tangi lisilo na mgonjwa. Mwani kidogo wa kijani nyuma ya tangi haunisumbui. Kinachonisumbua ni maji yenye rangi ya buluu au kijani ya dawa katika tangi ambalo samaki wake wanauzwa, kwa kuwa tangi lililo kwenye matibabu halipaswi kuuza.

Sasa njoo tumtazame samaki mwenyewe, maana huyo ndiye shahidi asiyeweza kupewa maneno ya kusema. Simama hatua moja kutoka kwenye tangi kwa dakika tano bila kugonga kioo. Samaki mzima huyakunjua mapezi yake, huyashika maji bila kuyumba, na hukufuata kwa macho au hukimbia kidogo unaposogea. Samaki mwenye taabu huyabana mapezi mwilini, hujitenga kwenye kona au hulala chini, au hujisugua kwenye kokoto kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Tazama vifuniko vya matamvua vinavyofunguka na kufunga, ulinganishe samaki huyo na wenzake wa aina moja. Anayehema haraka kuwazidi ana tatizo hata kama rangi zake ni nzuri. Madoa meupe kama chembe za chumvi ni ugonjwa wa madoa meupe. Unga wa rangi ya dhahabu unaoonekana tu ukimulika kwa tochi ya simu kwa upande ni ugonjwa mwingine ulio hatari zaidi. Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja ni minyoo, na gapi ndio wanaoipata mara nyingi. Tumbo lililobonyea nyuma ya kichwa, kana kwamba samaki amekatwa kwa kisu, humaanisha hajala siku nyingi, au anakula na kitu kingine kinakula ndani yake.

Kisha mwombe muuzaji awape chakula kidogo mbele yako. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho hakigharimu kitu. Muuzaji mwenye samaki wazima hutabasamu na kufungua kopo. Chakula kikigusa maji, tangi zima hugeuka kama watoto waliosikia kengele ya shule, na utamwona yule mmoja anayebaki kwenye kona ya chini, mkia ukishuka, akitazama chembe zikimpita mbele ya mdomo. Hata kama ni mmoja tu kati ya ishirini, usinunue kutoka tangi hilo leo. Muuzaji akikuambia kwamba ameshawalisha asubuhi, rudi siku nyingine saa ambayo hawajalishwa. Akikataa mara ya pili, basi amekwisha kukujibu.

Tazama na mikono ya wafanyakazi. Katika duka moja nililolitembelea jijini, kijana alikuwa na wavu mmoja wa mkono na ndoo moja ya buluu. Aliutia wavu katika tangi ambalo gapi wake walikuwa na mapezi yaliyochanika, akautoa, akaukung'uta mara mbili hewani na kuuzamisha moja kwa moja katika tangi la samaki waliofika wiki ile. Sikuhitaji kuona zaidi. Duka la pili, ambalo lilikuwa sebule ya nyumba tu na halina hata bango, lilikuwa na wavu mdogo uliotundikwa kwenye kila tangi, na juu ya kioo kimoja palibandikwa utepe wa karatasi wenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Nilipowataka samaki wa tangi hilo, mwenye duka alinyoosha kidole kwenye tarehe na kuniambia, "Hawa bado, rudi baada ya siku kumi." Niliondoka mikono mitupu, na tangu siku hiyo nimenunua kwake mara nyingi.

Utepe ule una sababu ya kitaalamu. Samaki aliyesafiri amechoka, kinga yake imeshuka, na magonjwa aliyokuwa ameyabeba kimyakimya hupata nafasi ya kujitokeza siku za kwanza. Vimelea vya madoa meupe, kwa mfano, katika maji ya nyuzi 25 humaliza mzunguko wao wa maisha kwa karibu wiki moja, na sehemu ya mzunguko huo haionekani kwenye mwili wa samaki. Ukimnunua siku aliyofika, unanunua siri. Kwa hiyo uliza waziwazi: hawa wamefika lini, wanakula nini, wanakaa katika maji ya joto gani? Muuzaji anayejua atakujibu bila kutazama dari. Na swali ambalo hapa kwetu halikwepeki ni hili: umeme ukikatika mnafanya nini? Bakteria wa filta nao huvuta oksijeni. Maji yakisimama ndani ya chujio kwa saa kadhaa, bakteria hao hufa, na umeme ukirudi uozo ule husukumwa tangini. Duka lenye pampu za hewa za betri, au lenye mtu anayejua kuisafisha filta kabla ya kuiwasha tena, limeshawahi kupata hasara na likajifunza.

Ufungaji nao huonyesha mengi. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ya safari inapaswa kuwa na maji kama theluthi moja na hewa theluthi mbili, na kwa safari ndefu ni bora hewa hiyo iwe oksijeni, kisha iwekwe gizani ndani ya kaveera nyingine au boksi. Wengi hapa hujaza maji hadi juu wakidhani wanamtendea samaki hisani, kumbe wanamnyima pumzi. Ukifika nyumbani, iache kaveera ielee juu ya maji ya tangi kwa dakika kumi na tano hivi ikiwa bado imefungwa ili joto lilingane, halafu ukishaifungua usikawie. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu anayoitoa samaki hushusha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na amonia katika pH ya chini haina ukali. Mfuko ukifunguliwa hewa ile hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile huwa sumu. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia yenye sumu kali haifiki asilimia 1, lakini kwenye pH 8 hufika karibu asilimia 5. Ndiyo maana mtindo wa kuiacha kaveera wazi kwa saa nzima huku ukiongeza maji kijiko kwa kijiko, ambao wengi huuona kuwa ni uangalifu, unaweza kumdhuru samaki aliyesafiri saa nyingi.

Kuhusu bei, sitakuambia kwamba ghali ni bora. Duka linalowashikilia samaki siku kumi kabla ya kuwauza hulipia chakula, umeme na vifo vya siku hizo, na ni haki bei yake iwe juu kidogo. Lakini bei ya juu inaweza pia kuwa ya kodi ya jengo na taa za buluu. Ningekushauri uyatembelee yote mawili, lile la zamani na lile la rafiki yako, mara tatu tatu ndani ya wiki mbili au tatu bila kununua kitu, mara moja ikiwa asubuhi wanapofungua. Ipo njia ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni wafugaji wadogo wanaozalisha gapi majumbani. Samaki wao wamezaliwa katika maji haya haya ya bomba, hawajapanda ndege, na mara nyingi utawaona wazazi wao. Uchaguzi wa aina ni mdogo, na wengine wao hawajui hata neno karantini, kwa hiyo vipimo ni vile vile.

Kumdai fedha zako muuzaji wa kwanza sidhani kama kutafanikiwa, wala kwa samaki wa dhahabu sioni kama una hoja nzito. Kwa huyo papa unayo. Mrudishie, umwambie kwa adabu kwamba tangi la lita 60 halimtoshi na kwamba alipaswa kukueleza. Duka linalokubali kuwapokea samaki waliozidi matangi, hata bila kurudisha fedha, linastahili nafasi ya pili. Lakini ziwani usimpeleke, mama, wala kwenye kidimbwi kinachofurika mvua ikinyesha. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria hatuna kisingizio cha kutojua. Sangara, ambaye tumezoea kumwita mputa, aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za nkejje, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilikuwa zimetoweka. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini likaenea duniani kama ua la kupamba mabwawa. Mgeni akifa ziwani umemtesa bure, na akiishi huenda ukawa umewaletea wavuvi balaa, na hata akifa anaweza kuacha vimelea vyake.

Kwa wiki hii, badilisha robo ya maji kila siku kwa maji ambayo yamekaa wazi saa 24 ndani ya beseni pana, si ndani ya jerikeni yenye mdomo mwembamba ambamo klorini hutoka kwa shida. Au tumia dawa ya kuondoa klorini kama unayo. Lisha kidogo sana, siku moja na kuacha moja. Sifongo ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Nunua vipimo vya matone vya amonia na nitriti, na usiongeze samaki hata mmoja mpaka vyote viwili visome sifuri kwa wiki nzima. Ukipata duka uliloliamini, unaweza kuwaomba kipande cha sifongo iliyotumika ili bakteria wakue haraka, ila sifongo hubeba pia magonjwa ya pale ilikotoka, kwa hiyo usiipokee kutoka duka ambalo usingenunua samaki wake. Vidonge vya binadamu ambavyo watu humwaga tangini kwa kubahatisha viache kabisa.

Kama vipimo vinasoma sifuri na gapi wako wanaendelea kudhoofika, au ukiona vidonda, uvimbe au zile nyuzi nyekundu, hapo maandishi yangu hayatoshi na unahitaji mtu wa kumwona samaki kwa macho. Chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere na kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki cha Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, ni mahali pa kuulizia. Peleka mgonjwa akiwa hai pamoja na chupa ya maji ya tangi iliyotenganishwa naye. Akifa njiani mweke kwenye barafu ndani ya mfuko uliofungwa, wala usimgandishe, kwani joto letu huharibu matamvua kwa saa chache na baridi ya friza huharibu nyama anayotaka kuipima mtaalamu. Na wewe mwenyewe, kama umepata mkwaruzo mkononi ulipokuwa ukiosha tangi na kidonda kikakawia kupona au kikawa kivimbe kigumu baada ya wiki kadhaa, nenda kwa daktari na umwambie kwamba unafuga samaki. Wapo bakteria wa samaki, wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, ambao huingia kwenye ngozi iliyochanika, na daktari asiyeambiwa habari ya tangi huenda asiwafikirie.